Kujua kunatosha kumkomboa mtu?

Katika Chandogya Upanishad, andiko la kale la Kihindu, Uddalaka anamwambia mwanawe Shvetaketu atie bonge la chumvi majini, arudi asubuhi. Chumvi haionekani tena. Onja juu, onja katikati, onja chini: kote ni chumvi. Ndivyo Brahman, uhalisia wa mwisho, alivyoenea, na "wewe ndiwe huyo", tat tvam asi. Kauli hiyo yarudiwa mara 9 katika sura ya 6, na ndiyo iliyozigawa shule za Vedanta, falsafa ya Kihindu itokanayo na Upanishad.

Shankara, mwanafalsafa wa Vedanta wa karne ya 8, anaichukua ilivyo: nafsi na Brahman ni kitu kimoja. Kinachotufunga katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa ni kutojua tu, kama aliyeona kamba gizani akadhani nyoka. Nyoka huyo hauawi kwa fimbo, leta taa. Matendo mema husafisha moyo lakini hayakomboi, maana kilichozaliwa na tendo kina mwisho. Wengi huteleza hapa, wakadhani kusoma kunatosha. Shankara anataka kwanza mambo 4: kupambanua cha kudumu na kipitacho, kutotamani malipo ya hapa wala ya akhera, nidhamu 6, zikiwemo utulivu wa moyo na ustahimilivu, na kiu ya uhuru. Ndipo usikilize maandiko kwa mwalimu, uyapime kwa hoja mpaka shaka iishe, kisha uyazamie. Anayeruka maandalizi huishia na maneno mazuri mdomoni na hasira zake zilezile.

Ramanuja wa Srirangam, mwalimu wa Vedanta aliyekuja baadaye, hakuridhika: huo ujinga ni wa nani? Brahman ni ujuzi mtupu, hawezi kuwa nao. Nafsi nayo, tunaambiwa, ni zao la ujinga huohuo. (Jibu la Shankara: ni wako wewe unayeuliza. Limetulia, ila limekwepa.) Kwa Ramanuja nafsi ni halisi, ni mwili wa Mungu, na hufunguliwa kwa neema, njia ikiwa ibada na kujisalimisha. Madhva wa Udupi, karne ya 13, aliyakata maneno upya yakawa atat tvam asi, "wewe siye huyo". Hata chumvi akaigeuza shahidi wake: je, chumvi si kitu chake, na maji kitu kingine?

Mimi naona Shankara anabanwa zaidi kwenye suala la mwili. Anafundisha kwamba mtu hukombolewa angali hai. Ramanuja anakataa, mpaka mwili uanguke. Ikiwa taa imeshaletwa, mbona mjuzi bado anaumwa jino? Shankara anajibu kwa gurudumu la mfinyanzi: mkono umeshaondoka, gurudumu lingali likizunguka kwa msukumo wa karma, yaani matendo ya zamani, iliyokwisha kuanza kuzaa matunda.