Ukoka wa Laki Mbili na Sabini

Gofu niliingia kwa bahati mbaya. Kazini tulipelekwa kwenye mashindano ya hisani, nikapangwa kundi moja na bosi. Ilipofika zamu yangu ya kuusukuma mpira uingie shimoni, umbali wa kutoka kitandani hadi kabatini, niliusukuma mara tano. Mara ya tatu ulilipita shimo ukateremka hadi kwenye majani marefu, nikaufuata huko kama mtu anayetafuta mbuzi. Bosi hakucheka. Angecheka ningepona.

Kedi wetu, yaani mbeba fimbo, kijana mwenye huruma, alinivuta pembeni. "Mzee, kiwanja hiki kimepangiwa mapigo 72. Humo 36 ni ya kusukuma tu, mawili kila shimo. Kupiga mbali ni mbwembwe. Kajifunze kusukuma."

Nikarudi nyumbani Goba na hesabu hiyo kichwani, na fimbo ya mtumba mkononi. Fimbo yenyewe ya kusukumia huitwa pata. Mama Nuru akaitazama, akanitazama mimi.

"Inaitwa pata? Haya, na sisi tutapata nini?"

Uani tuna kipande cha mita 4 kwa 6 ambacho kwa miaka yote kilikuwa cha kuanikia nguo na kutunzia matofali yaliyobaki. Nikaamua kukigeuza kiwanja changu cha kujifunzia kusukuma. Nikachukua daftari la hesabu la Nuru, nikafungua ukurasa wa nyuma, nikaandika BAJETI na kupigia mistari miwili chini.

Wazo la kwanza lilikuwa zulia la majani ya plastiki. Elfu 40 kwa mita moja ya mraba, mara 24, ni 960,000, na hapo bado kifusi cha kushindilia chini. Mama Nuru alisema neno moja tu: "Ada." Nikafuta.

Nikahamia kwenye majani ya kweli. Nikasoma usiku kucha. Nikagundua kwamba katika nchi za joto, grini, yaani kile kipande laini chenye shimo, hupandwa majani yanayoitwa Bermuda. Jina tamu, unasikia kabisa harufu ya hela. Nikaendelea kusoma hadi nikafika kwenye jina lake la kitaalamu, kisha picha, nikaikodolea macho. Ulikuwa ukoka. Ule wa viwanjani ni wa mbegu chotara ili ubaki mfupi, lakini ukoo ni ule ule, ukoka huu huu unaotoboa kibaraza cha jirani. Nililala kwa furaha.

Bajeti ikasimama hivi: viroba 12 vya ukoka kwa muuza miche wa barabarani, 120,000. Mchanga kirikuu moja, 60,000. Samadi, 20,000. Kijana wa bustani siku mbili, 50,000. Kipande cha bomba, 8,000. Dharura, 12,000. Jumla 270,000.

"Dharura ya nini kwenye majani?" Mama Nuru akauliza.

"Bajeti zote huwa nayo."

Lile bomba naomba nilieleze, maana nililionea fahari. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, duniani kote, kipimo kilichopitishwa huko Scotland mwaka 1891. Nikachukua bomba la inchi 4, lile la choo, nikalipima ndani. Lilipungua kidogo. Nikaamua kwamba hakuna mwamuzi atakayekuja Goba na rula.

Kirikuu ikashindwa kupita getini, mchanga ukamwagwa barabarani, watoto wa mtaa wakaugeuza ufukwe, nikalipa 15,000 za toroli. Dharura ikaisha siku ya kwanza, na deni juu. Bili ya maji sitaisema hapa, kuna watu wa nyumbani wanasoma.

Shida kubwa ilikuwa kukata. Grini hukatwa hadi inabaki kama milimita 3. Nilipomweleza kijana wa bustani, alilitazama fyekeo lake, akatazama ukoka, akatazama miguu yake. "Bosi, milimita tatu kwa fyekeo hili utazipata kwenye kisigino changu." Akachukua chake akaondoka. Ikabidi nichukue mkasi wa Mama Nuru wa vitenge. Kila alfajiri nilichuchumaa uani nikikata ukoka kwa mkasi wa cherehani, na mzee wa nyumba ya pili, kila akipita kutoka msikitini, alinipa pole kwa sauti ya chini bila kuuliza msiba ni wa nani.

Mwezi wa pili ilikuwa imependeza. Kijani, laini, bendera ndogo ya kitambaa chekundu katikati. Siku hiyo hiyo mama mkwe akaingia kutoka Muheza, na kesho yake mimi nikasafiri kikazi Dodoma, siku nne.

Niliporudi nilipitia uani kwanza, kabla hata ya kuweka begi. Nikaona matuta matano, yamenyooka kama yamepigwa kamba. Ukoka wangu ulikuwa umerundikwa ukutani, mizizi juu, umekauka. Mama mkwe akatoka na jembe, kanga kiunoni, uso umejaa upendo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Pole na safari. Nimekuta kashamba kenu kameingiliwa na ukoka kote, nikajua kazi zimewazidi. Ukoka ni adui, mwanangu, ukiuchekea unakuhamisha. Nimewapandia mchicha."

Nilitafuta neno. Mkwe unamwambia nini? Jikoni nilimsikia Mama Nuru akikohoa kikohozi cha mtu aliyejiziba mdomo kwa upindo wa kanga.

"Na kale kashimo mlikoweka bomba," akaendelea, "nimeona mlitaka mti hapo. Nimewatilia mbegu za papai. Hicho kitambaa chekundu kiacheni, kinatisha ndege."

"Asante sana, mama."

Aliondoka baada ya wiki mbili. Masika yakaja, na ukoka nao, maana kila pingili aliyoikata kwa jembe ilishika udongo na kuota upya. Sasa umo kati ya tuta la pili na la tatu, kijani, laini kuliko zamani, upana wa futi moja. Huko ndiko ninakosukumia mpira jioni, kuelekea kwenye mpapai. Mama mkwe hupiga simu kila Jumapili kuuliza kama ukoka umeisha. Namwambia tunapambana nao.

Juzi Nuru aliniletea daftari nisaini kazi ya shule. Nikafungua nyuma. Chini ya Dharura, kwa mwandiko wa mama yake, kulikuwa na mstari mpya: mbegu za mchicha, 2,000. Ndicho kifungu pekee ambacho hakikuzidi bajeti.