Wanorwei waliogopa, nasi tuliogopa

Hapa Norwei ninapoishi, bei ya umeme ikipanda wenzangu kazini hulalamika kutwa nzima. Kinachonivutia ni kwamba wanalalamika kama wenye mali, kwa sababu sehemu kubwa ya mitambo ya maji ni ya serikali au ya halmashauri zao, na diwani wanayemkasirikia huwajibika kwao kwa faida ya mitambo hiyo.

Najua nitaambiwa kwamba nimefika Ulaya na sasa nawafundisha watu. Sifundishi mtu, nimekulia Tanzania katika mgao uleule wa umeme. Mwingine atauliza: kwani TANESCO, shirika letu la umeme, si ya umma? Ni ya umma, nami naionea fahari, maana mitambo yake ya maji ya Kidatu na Mtera ilitubeba miaka mingi. Kilichotuumiza zaidi ni mikataba tuliyoitia saini mabwawa yalipokauka. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulituletea IPTL, kampuni binafsi ya kufua umeme, kwa mkataba wa mwaka 1995 wa miaka 20 uliotulazimu kulipia uwezo wa mitambo hata ikiwa imezimwa. Ukame wa 2006 ukatuletea Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu baada ya ripoti ya Kamati Teule ya Bunge kuhusu mkataba huo.

Wanorwei nao waliwahi kuogopa. Mwaka 1906, walipoona wageni wakiyanunua maporomoko yao ya maji, walitunga upesi sheria ya kuwadhibiti. Hofu yao ilifunga mlango, yetu iliufungua. Sheria ya 1917 haikumfukuza mwekezaji binafsi, bali ilimpa muda usiozidi miaka 60, kisha maporomoko pamoja na mitambo yarudi kwa dola bila malipo. Leo umma lazima umiliki angalau theluthi mbili ya mitambo mikubwa ya maji.

"Wao ni wachache na wana maji tele," mtasema. Kweli, lakini idadi ya watu haimzuii mwanasheria wa serikali kuandika kifungu kimoja, na sisi tuliolijenga Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 kwa fedha ya serikali yetu hatuwezi kusingizia uchanga. Inanikera kwamba bado tunabishana kama mwekezaji ni mtu mbaya au mzuri. Aje, afue umeme, apate faida. Ila mkataba wake usomwe bungeni kabla ya saini, na uwe na tarehe ya kuturudishia mitambo.