Malkia, kibarua na mnyoo wa parachichi

Mwezi uliopita nilikuwa Tukuyu kwa mjomba, tunafungua mzinga. Akapuliza moshi, akainua sega na kuninyooshea kidole kwa malkia: tumbo refu, anajikokota huku nyuki vibarua wakimpisha njia. Mjomba akaniambia:

"Huyu ana mwaka wa tatu, mjomba. Hao wanaomlisha hawamalizi miezi miwili."

Na wametoka kwenye mayai ya aina moja! Jana, yaani buu la nyuki, linaloendelea kunyweshwa maziwa ya nyuki, ule ute mweupe wa vibarua, linakuwa malkia. Linalobadilishiwa chakula baada ya siku tatu hivi linakuwa kibarua. Chakula kinageuza homoni, zile kemikali zinazobeba amri mwilini, na homoni zinageuza maisha. Tena malkia anaweza kutaga mayai zaidi ya elfu moja kwa siku. Kwa hesabu zetu, yeye ndiye angechakaa kwanza.

Ndiyo maana siku hizi nabisha nikisikia uzee ukisimuliwa kama kuchakaa kwa lori la Fuso lililopanda mlima Kitonga miaka ishirini. Chuma hakipokei amri. Mwili unapokea. Kibarua anapoacha kazi za ndani na kuanza kufuata maua, kuna homoni inayopanda mwilini mwake, na baada ya hapo zinabaki wiki chache tu. Cha kuchekesha, wataalamu wanaiita homoni ya ujana, kwa sababu kwa mdudu mchanga ndiyo inayomzuia asikomae.

Ushahidi ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni wa mnyoo. Ana urefu wa milimita 1, anaishi wiki mbili tatu, na chakula chake ni bakteria wa kwenye matunda yanayooza. Parachichi zilizodondoka nyuma ya mizinga ya mjomba zingemfaa sana. Mwaka 1993, mwanasayansi Cynthia Kenyon na wenzake huko California walionyesha kwamba minyoo yenye hitilafu kwenye jeni moja inaishi mara mbili ya kawaida, na inaendelea kutambaa kwa nguvu wakati wenzao wamelala chali. Baadaye ikajulikana kazi ya jeni hiyo: inatengeneza kipokezi, yaani sehemu ya seli inayopokea amri, cha homoni za jamii ya insulini. Homoni hizo ndizo zinazopeleka habari kwamba chakula kipo, kua, zaa. Habari ikifika kwa unyonge, mnyoo anaweka akiba na kukarabati seli zake. Ikikatika kabisa akiwa mchanga, anasimama kukua na kusubiri neema, hata kwa miezi.

Sasa, shangazi yangu aliuziwa sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kichupa cha "maziwa ya malkia ya kurudisha ujana". Elfu kumi na tano! Muuzaji alikuwa na hoja: mbona malkia anaishi miaka? Lakini shangazi si jana la nyuki. Na insulini ikipungua mno au ikishindwa kazi kwa binadamu, tunaita kisukari. Shangazi anacho, anaijua bei yake.

Nilimsimulia mjomba habari za kichupa. Akacheka mpaka moshi ukampalia, akafunika mzinga, akaweka jiwe juu.

"Mwambie aje anywe chai isiyo na sukari. Hiyo simuuzii."