Dozi ya TB kijijini: mgonjwa asimamiwe au aaminiwe?

Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu ni ya miezi sita: miwili ya dawa nne, kisha minne ya dawa mbili, isoniazidi na rifampisini. Siku za mwanzo si ngumu sana kwa upande wa tabia, kwa sababu mtu aliye hoi humeza chochote anachopewa. Ugumu unaanza dawa zinapofanya kazi. Homa inaisha, jasho la usiku linakoma, mwili unarudi. Ikifika mwezi wa tatu, mtu anayejiona mzima anaambiwa aache palizi, atafute nauli na kwenda kituo cha afya kufuata dawa za ugonjwa asiouhisi tena.

Hapo ndipo wataalamu wanapogawanyika. Upande mmoja unasema mgonjwa ameze dawa mbele ya msimamizi. Utaratibu huo ulienezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) katikati ya miaka ya 1990, na ulitokana kwa sehemu kubwa na kazi ambayo daktari Karel Styblo aliianza Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970. Hoja yao si ya kubeza. TB huenea kwa hewa, kwa hiyo anayekatisha dozi hajiweki hatarini peke yake, na bakteria waliobaki wanaweza kuwa sugu. Hadi miaka ya karibuni TB sugu ilitibiwa kwa miezi 18 au zaidi, pamoja na sindano zilizowaacha baadhi ya wagonjwa viziwi.

Upande wa pili unauliza: usimamizi huo unasaidia kweli? Jaribio la Afrika Kusini lililochapishwa mwaka 1998 liliwalinganisha waliosimamiwa na waliojimezea wenyewe, na halikuona faida ya kusimamia. Wanaoutetea usimamizi hujibu kwamba palipokuwa na msaada mwingine, kama chakula, nauli na mtu wa kuzungumza naye, matokeo yalikuwa mazuri. Nakubaliana nao, ila jibu hilo linaniacha na swali: je, kilichosaidia ni jicho la msimamizi, au ni ile nauli?

Tafiti za gharama zinanielekeza kwenye nauli. WHO huhesabu gharama za TB kuwa janga zinapozidi 20% ya mapato ya kaya kwa mwaka, na katika nchi zilizopima, takribani nusu ya kaya zenye mgonjwa zimefika huko, ingawa dawa zenyewe kwa kawaida hutolewa bure. Kinachokula fedha ni safari, chakula na siku za kazi zilizopotea. Msimu wa kilimo haumsubiri mtu amalize dozi.

Tabia nayo ipo, nisionekane naifuta. Wapo wanaokunywa pombe, na pombe pamoja na dawa hizi huumiza ini. Wengine wakiambiwa wachague, huacha dawa. Wapo wanaoona mkojo umegeuka wa rangi ya chungwa wakadhani wanatoka damu, kumbe ni rifampisini tu, na hakuna aliyewatahadharisha. Dawa hiyohiyo hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango. Mama aliyepata mimba asiyoitarajia akizilaumu dawa za kifua, nani atamkatalia? Tena zinahusika kweli.

Kuna pia jambo ambalo kampeni za afya hulikwepa. Mtu anaweza kuacha dozi mwezi wa nne na akapona. Majaribio ya dozi ya miezi minne yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba wengi hawakurudiwa na ugonjwa, ila waliorudiwa walikuwa wengi kuliko wale wa miezi sita. Basi kijijini kila mtu anamjua fulani aliyeacha na bado analima. Ukimwambia mgonjwa kwamba kila anayeacha hufa, ameshakukamata kwa uongo. Afadhali aambiwe ukweli: hakuna anayejua mapema nani atarudiwa.

Suluhisho linalopendwa ni kumweka ndugu awe msimamizi. Ni zuri kwa karatasi, na mara nyingi kwa vitendo pia. Lakini mkaza mwana atamwambiaje baba mkwe, mwenye nyumba, afungue mdomo ameze? Akikataa, atamshtaki kwa nani? Mhudumu wa afya wa jamii ana nguvu zaidi, ila akija kila asubuhi majirani wanajua, na wengi wanaiunganisha TB na UKIMWI. Vyombo vya mgonjwa vinatengwa, ingawa TB haiambukizwi kwa sahani. Utafiti wa Madras, India, ulioanza miaka ya 1950, ulionyesha kwamba ndugu walioishi na wagonjwa wanaotibiwa nyumbani hawakuugua zaidi kuliko ndugu wa waliolazwa.

Mwisho kabisa wa njia ya usimamizi ni pingu. Mwaka 2010, mahakama ya Kapsabet nchini Kenya iliamuru wagonjwa wapelekwe gerezani kwa kutofuata matibabu, yaani kwenye msongamano ambao ugonjwa huu unaupenda. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema kuwafunga hivyo ni kinyume cha katiba. Mwongozo wa WHO unakubali kumtenga mtu asiyetaka pale tu njia nyingine zote zimeshindikana, tena mahali pa tiba, na hauruhusu kumtibu kwa nguvu.

Kwangu mimi, kipimo ni hicho cha njia nyingine zote. Kabla kituo hakijaandika kwamba mgonjwa ametoroka, kionyeshe kwanza kama alipewa dawa za mwezi mzima badala ya wiki, kama alichagua mwenyewe wa kumsimamia, na kama kuna aliyemfuata nyumbani siku aliyokosa kufika.