Mwenye Usonji Naye Hukua

Kila ifikapo tarehe 2 Aprili, siku ambayo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga mwaka 2007 kwa ajili ya kuelimisha watu kuhusu usonji, picha zinazosambazwa ni za watoto. Utamwona mtoto akipanga vibao vya rangi, au akibembea, au ameshikwa mkono na mwalimu wake. Sina ugomvi na picha hizo, kwa sababu mtoto anayetambuliwa mapema hupata nafasi ambayo mdogo wangu hakuipata. Lakini mdogo wangu sasa ana miaka 31, ana ndevu na sauti nzito, amempita mama yetu kwa urefu na kwa nguvu, na kila nizitazamapo picha hizo hujiuliza watu wanadhani watoto wale huenda wapi wakishatimiza miaka 18.

Usonji hauambukizi, wala si wazimu. Ni namna ubongo wa mtu unavyojengeka tangu mapema sana, kiasi kwamba sauti, mwanga, mguso na maneno ya watu humfikia kwa njia isiyo ya walio wengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa makadirio hayo, mtaa wenye watu 2,000 ungekuwa na watu kumi na watano hivi. Mimi nimezaliwa na kukulia Ngamiani, Tanga, na ukiniuliza nitaweza kukutajia watatu. Wengine naamini wapo, ila wako ndani. Sijawahesabu wale ambao tofauti yao ni ya namna nyingine: asiyeweza kutulia kitini wala kushika jambo moja hadi mwisho, au yule ambaye herufi humchezea akisoma ingawa akili yake ni kali, hao huwa hawafichwi ndani, huchapwa darasani na kuitwa wavivu.

Alama mojawapo ya usonji ambayo mzazi huambiwa na waganga wa hospitali aiangalie ni mtoto kutomtazama mtu machoni. Kwetu pwani alama hiyo haimshtui yeyote, maana mtoto anayeinamisha macho mbele ya mkubwa husifiwa kwa adabu. Kinachotushtua sisi ni salamu. Mdogo wangu alipoanza hatimaye kusema, akiwa na miaka 6, aliyachukua maamkizi kama wimbo mmoja usiokatika, na kila aliyekutana naye, awe mzee wa msikitini au mtoto wa mgongoni, alipewa "shikamoo marahaba" kwa pumzi moja. Ukifikiri kwa utulivu utaona kwamba hakukosea sana: maneno hayo mawili alikuwa ameyasikia yakifuatana tangu azaliwe, na hakuna aliyewahi kumweleza kwamba ni ya watu wawili. Wapo wazee waliocheka na kumpa mkono. Wapo pia waliompita yeye wakamgeukia mama na kumwambia kwamba mtoto hakufunzwa. Methali ya asiyefunzwa na mamaye tuliisikia mlangoni petu mara nyingi kuliko hodi.

Hapo ndipo lawama inapoanzia, na naomba nikae hapo kidogo. Mwaka 2015 watafiti wa Kilifi, nchini Kenya, walichapisha matokeo ya mazungumzo yao na wazazi na wataalamu wa kaunti za Kilifi na Mombasa kuhusu chanzo cha usonji. Majibu yalichanganya uchawi, mapepo na laana kwa upande mmoja, na maradhi, matatizo ya uzazi na urithi wa damu kwa upande wa pili, mara nyingine katika kinywa cha mtu mmoja. Nilipousoma utafiti huo niliona kama watafiti walikuwa wamekaa barazani kwetu. Nasi tulikwenda kwa mganga, tukanywesha kombe, tukafunga azima, na bangili mbili za dhahabu za mama ziliishia huko. Siandiki haya kwa dharau. Mzazi ambaye hospitali imemwambia "subiri, wavulana huchelewa kusema" atamfuata yeyote aliye tayari kumsikiliza kwa saa nzima, na mganga, la haki lisemwe, alitusikiliza.

Wala tusidhani kwamba lawama hii ni ya wasiosoma peke yao. Huko Marekani, katika miaka ya 1950 na 1960, wataalamu wenye vyeo na vitabu walifundisha kwamba usonji husababishwa na mama asiye na joto la mapenzi kwa mwanawe, na wanawake wengi waliishi na aibu hiyo mpaka Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye yeye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, alipoichambua na kuipinga hadharani mwaka 1964. Mganga wetu angalau alilisingizia jini, na mama akaachwa nje ya kesi. Mdogo wangu alipotambuliwa, akiwa na miaka 11, mama hakuuliza dawa wala shule. Aliuliza neno moja tu: "Ina maana si mimi?"

Baada ya jibu hilo kulikuja miaka mizuri. Alipata nafasi katika kitengo cha elimu maalumu cha shule ya msingi, kwa mwalimu aliyesomea kazi hiyo katika chuo cha Patandi, mkoani Arusha, na mwalimu huyo alimfundisha kuhesabu, kufunga vifungo vya shati, kungoja zamu na kusema "sitaki" badala ya kujipiga kichwani. Kisha akafika miaka 17 tukaambiwa kwamba amemaliza. Nakumbuka nilimuuliza afisa mmoja amemaliza ili aende wapi, naye akanitazama kama niliyeuliza swali la utovu wa adabu. Kwa miaka minne iliyofuata kijana aliyekuwa ameanza kufunguka alikaa uani, na nusu ya aliyofundishwa ikapotea mbele ya macho yetu.

Kutokana na miaka ile minne nimefikia rai ambayo najua haiwafurahishi wote: tumeweka uzito mkubwa mno katika kuelimisha jamii, na mdogo mno katika kumpangia mtu mzima siku yake. Uelewa ni mwema, lakini mwenye usonji anapoamka saa kumi na mbili asubuhi anahitaji kujua anakwenda wapi, kufanya nini, na nani.

Mtu wa kwanza kupewa utambuzi huu alikuwa Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Daktari Leo Kanner alimweleza kwanza kati ya watoto 11 aliowaandika mwaka 1943. Alipokuwa na miaka 3 wazazi wake walikuwa wameshauriwa wampeleke kwenye taasisi, wakampeleka, kisha wakamrudisha nyumbani. Baadaye akakaa kwa mkulima mmoja na mkewe, na watu hao, ambao hawakusomea chochote cha ubongo, walifanya jambo ambalo mimi naliona la maana kuliko semina nyingi nilizohudhuria. Kijana alipenda mno kupima vitu, basi wakamchimbisha kisima ili awape habari za kina chake. Alipenda kuhesabu, wakamwachia ahesabu matuta ya mahindi huku akilima. Alisoma hadi chuo kikuu, akafanya kazi benki, akaendesha gari, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, na alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Kanner alipowafuatilia wale 11 na kuandika mwaka 1971, aliona kwamba waliofungiwa katika mahospitali ya serikali walififia, na kufungiwa huko akakufananisha na kifungo cha maisha. Ni kweli kwamba ukoo wa Triplett ulikuwa na fedha, na benki yenyewe ilikuwa na mkono wa familia ya mama yake. Hata hivyo, kuhesabu matuta hakugharimu senti.

Mdogo wangu naye anapenda namba. Mgeni wa Tanga hushangaa kukuta kwamba barabara za Ngamiani hutajwa kwa namba. Kwake yeye mpangilio huo ni rehema, kwa maana namba haidanganyi wala haibadilishi sura kama binadamu. Tangu utotoni aliweza kutoka barabara moja hadi nyingine bila kupotea, mradi asiguswe na pikipiki zisipige honi kwa ghafla. Mjomba wetu, anayeuza soda kwa jumla, ndiye aliyeliona hilo. Alimchukua siku moja akamwonyesha kreti na kumwomba ahesabu zinazoingia na zinazotoka. Hakumwita mfanyakazi wala hakumpa sare. Alimpa kiti mahali penye kivuli, mbali na jenereta, na daftari lenye mistari. Leo ni mwaka wa kumi. Gari la soda likifika, dereva hasaini karatasi mpaka mdogo wangu atamke jumla yake, na siku alipotamka jumla iliyopungua kreti tatu, walihesabu upya na kreti tatu zikakutwa zimebaki garini.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri, na naomba itekelezwe. Lakini mwajiri akiisoma humfikiria mtu wa kiti cha magurudumu au asiyeona, ambaye anaweza kuketi katika usaili akajieleza. Mdogo wangu usaili wowote ataanguka, kwa sababu usaili hupima kile hasa asichokuwa nacho: kumtazama mgeni, kujisifu kwa kiasi, na kujibu swali ambalo halikuulizwa. Mpe siku mbili za kazi badala ya dakika ishirini za maswali, ndipo utajua umempata nani.

Liko jambo lingine ambalo familia hulinong'ona tu. Nilipoposwa, wajumbe wa upande wa pili waliuliza kwa upole kama hali ya mdogo wangu imo katika ukoo. Nilikasirika siku nyingi, lakini sasa nadhani swali lenyewe halikuwa la kijinga, kwa kuwa sayansi inakubali kwamba urithi una sehemu kubwa katika usonji. Kilichoniudhi ni sauti iliyotumika, ile ya kuulizia ukoma enzi za babu. Kwa kuiogopa sauti hiyo, watu huwafungia ndugu zao chumba cha uani siku ya posa, na baadhi yao, posa ikishapita, hawafunguliwi tena. Babu yetu alikataa. Alimkalisha mdogo wangu barazani pamoja na wageni, akamwekea sahani yake, akamtambulisha kwa jina. Wajumbe walimaliza chakula chao, na ndoa yangu ina miaka kumi na mitatu.

Watu wanaopenda kutusaidia huuliza walete nini. Huleta pole, na dua, na mara nyingine makala kuhusu chakula fulani kinachoponya, ambacho hakiponyi. Mama yangu ana miaka 68. Kwa muda mrefu wa maisha yake hakuhudhuria msiba mpaka mwisho, hakukaa harusini zaidi ya dakika chache kwa sababu ya spika zinazomliza mwanawe, na hakulala hospitali alipotakiwa kulala. Wenyewe tunasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami naona kwamba msemo huo umetupa ruhusa ya kumwachia mzazi uchungu wote. Jirani mmoja, mama muuza vitumbua, ndiye aliyetusaidia bila kuulizwa: kila Alhamisi alasiri huja na kazi zake za mkono, huketi na mdogo wangu saa mbili, na mama huondoka. Hajui jina la kitaalamu la chochote. Anajua tu kwamba akiondoa redio na akazungumza polepole, mambo hutulia.

Swali linalobaki ni la siku ambayo mama hatakuwepo. Tuliliahirisha miaka mingi kana kwamba kulitaja ni kuliita. Mwaka jana, baada ya mama kuugua wiki tatu na sote kugundua kwamba hakuna aliyejua mdogo wangu hunywa chai kwa kikombe kipi, tulinunua daftari gumu la kurasa 200. Humo tumeandika anachokula na asichokigusa, maneno anayoyatumia na maana yake nyumbani, kwa mfano kwamba akisema "gari limekuja" siku isiyo na gari ana maana amechoka na anataka kuondoka. Tumeandika njia anayoipita kwenda kwa mjomba, dalili za kwamba ana homa maana hasemi anapoumwa, na jina la yule jirani wa Alhamisi. Mama husema, nami huandika. Mume wangu ameandika ukurasa wa mambo ya kitambulisho na hati za nyumba.

Juzi nililifungua nikakuta mwandiko nisioutarajia. Mwanangu wa miaka 11 alikuwa ameongeza mstari wake chini ya ukurasa wa njia: "Mjomba hapendi kushikwa bega kwa nyuma. Mwambie kwanza namba ya barabara, halafu muende."