Programu inayojitibu ni mali ya nani?

Saa nane usiku, programu inaanza kumeza kumbukumbu ya seva. Nyingine inayoichunga inasoma rekodi za makosa, inatambua sehemu iliyoharibika na kuiwasha upya hiyo peke yake. Kunakucha, hakuna mteja aliyegundua lolote. Je, anayebuni utaratibu huo apewe hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kuutumia, kwa miaka 20 tangu alipowasilisha maombi? Marekani swali hili limewagombanisha wengi.

Wanaosema apewe wana hoja nzito. Hitilafu za programu hudanganya: ukurasa unachelewa kufunguka, kumbe ugonjwa uko kwenye hifadhidata. Mbunifu mdogo aliyehangaika miaka kuupata ujanja wa kutenganisha dalili na chanzo anastahili ulinzi, la sivyo kampuni kubwa itauchukua bure. Isitoshe, hataza humlazimu aeleze hadharani alivyofanya. Bila hiyo, ataficha.

Wanaopinga wanaogopa upana wa madai, yaani maneno ya hataza yanayotaja kinacholindwa. "Fuatilia, tambua, rekebisha" ni kazi ya kila fundi, na si ya jana. Tarehe 20 Julai 1969, Apollo 11 ikikaribia kutua mwezini, kompyuta yake ililemewa, ikatoa tahadhari ya 1202, ikajiwasha upya, ikaacha kazi zisizo za lazima na kuendelea na zile za kutua.

Mahakama zimejaribu kuchora mstari. Mwaka 2014, katika kesi ya Alice dhidi ya CLS Bank, Mahakama ya Juu ilisema wazo la jumla haligeuki uvumbuzi kwa kuendeshwa na kompyuta ya kawaida. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa inayosikiliza kesi za hataza ilitoa hukumu mbili zinazotusaidia hapa. Katika kesi ya Enfish iliikubali hataza kwa kuwa iliboresha namna kompyuta yenyewe inavyopanga data. Katika kesi ya Electric Power Group, iliyohusu kufuatilia gridi ya umeme, ilikataa: kukusanya taarifa, kuzichambua na kuonyesha matokeo hakutoshi.

Tangu 2012 kuna pia njia ya kuomba bodi ya Ofisi ya Hataza iipitie upya hataza iliyokwisha kutolewa. Ni nafuu kuliko mahakama, lakini ina pengo linalonikera: bodi hupima uvumbuzi huo kwa hataza za zamani na machapisho tu. Mbinu za uokoaji nyingi hazichapishwi. Hukaa ndani ya skripti (programu fupi) za mafundi wa zamu, zilizoandikwa kwa haraka usiku mfumo ulipoanguka. Mtu anaweza kudai kuvumbua kitu ambacho wenzake wamekitumia miaka kumi, na ushahidi huo usipate mlango pale.

Kwa hiyo, naegemea kwa wanaopinga, ila si mpaka mwisho. Nikisoma dai la aina hii natafuta jambo moja: linaeleza jinsi programu inavyotofautisha sehemu inayougua na ile inayolia tu kwa sababu jirani yake anaugua? Likieleza, mwenyewe alipwe. Likisema tu kwamba mfumo "unatambua tatizo", halijavumbua kitu.