Kabati la wageni, daftari la rambirambi

Ingia sebule nyingi za Dar, Morogoro au Tanga, utalikuta: kabati la vioo lenye seti ya sahani za udongo, hotipoti mbili tatu na glasi ambazo bado zina kile kikaratasi cha dukani kwenye kitako. Wenye nyumba wanakulia sahani za plastiki zilizopauka. Vya kabatini ni vya wageni. Na mgeni akija anaambiwa, "Wewe bwana mtu wa nyumbani," anapakuliwa kwenye plastiki.

Ushauri mwingi wa kupunguza vitu nyumbani huanza kwa kudhani tunanunua kupita kiasi. Kwetu naona kinachojaza nyumba zaidi ni hofu. Wazazi wetu waliipitia ile miaka baada ya vita vya Kagera, mwanzoni mwa miaka ya 80, sabuni na sukari zikisubiriwa kwenye foleni ya duka la kaya. Aliyepita huko hatupi kopo. "Litakuja kufaa," atakwambia, na kusema kweli mara nyingine linafaa. Ndiyo maana ule ushauri wa kushika kitu na kujiuliza kama kinakupa furaha haunishawishi. Dumu la lita 20 halijawahi kumpa mtu furaha, lakini maji yakikatika Jumatatu asubuhi utalitafuta.

Mimi nauliza hivi: hiki kinamsubiri nani? Dumu linasubiri mgawo wa maji, na mgawo unakuja. Sasa fungua lile sanduku la kanga. Utakuta doti haijakatwa wala kupindwa, bado ngumu kwa gundi ya kiwandani, kwenye mikunjo imeshaanza kugeuka njano. Ilitolewa kwenye harusi ya mtu ambaye sasa ana wajukuu. Inasubiri siku yenye hadhi, na siku zenye hadhi zimepita nyingi, mwenye sanduku akitoka na kanga yake ileile iliyochuja. Ivae mama, au mpe binti anayekaribia kujifungua. Hapo kanga haiwi nyingi hata siku moja.

Kuna kitu kimoja chembamba kinachochukua nafasi kuliko kabati zima: daftari la rambirambi. Linaandikwa msibani, jina na kiasi, na lina kazi ya maana, maana wenzio wakifikwa utajua nani alikushika mkono. Sina ugomvi na hilo. Ila kuna watu hulifungua miaka baadaye kutafuta majina ambayo hayamo. Shemeji hakuja. Jirani alileta elfu mbili na ana gari. Hapo daftari si kumbukumbu tena, ni kinyongo chenye mistari. Walioleta unaweza kuwanakili kwenye karatasi moja ukaitunza. Hao wasioleta, sioni unawaweka wa nini. Pengine siku ile naye alikuwa hana nauli, na hakuna daftari linaloandika hilo.

Kichwani nako kumejaa, na siku hizi njia kubwa ni simu. Bibi harusi ameshazaa, amenyonyesha, mtoto anaenda chekechea, na grupu la kamati ya harusi bado lipo, watu wanatumiana dua za Ijumaa na matangazo ya viwanja. Hatutoki kwa kuogopa ataonekana nani kajitoa. Tangu 2022 WhatsApp wameruhusu mtu atoke bila tangazo kwa wote, wanaoarifiwa ni wasimamizi tu. Anayetaka kupekua anaweza kuona orodha ya waliotoka ndani ya siku 60. Apekue.

Kazi ya kupunguza haya yote humwangukia nani, nadhani mnajua. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti kuhusu wanandoa wenye ajira na watoto. Waliwaacha wazungukie nyumba zao wakizieleza kwa maneno yao, kisha wakapima kwenye mate yao homoni ya kotisoli, ile inayoendana na msongo wa mawazo. Wanawake waliozieleza nyumba zao kama zilizosongamana na zenye kazi zisizokwisha, kotisoli yao haikushuka vizuri kuelekea jioni kama inavyopaswa. Kwa waume zao hali hiyo haikujitokeza kwa kiwango hicho. Wao waliona vitu. Wake zao waliona kazi.

Kwa hiyo kaka zangu, mama watoto akitangaza kwamba Jumamosi stoo inafunguliwa, msikimbilie kuuliza kanga za mama yake zinakwenda wapi. Betri ya gari lililouzwa zamani, redio isiyo na spika na ile feni mliyosema mtaitengeneza ni zenu. Kijana wa vyuma chakavu hupita asubuhi na mzani wake; mwiteni nyinyi, tena kabla hajakata kona.